MSIKITI WA MATOFALI YA KUCHOMA NA FEDHA YA DHAHABU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita niligusia kidogo suala la kuamirisha misikiti, na maswali yaliyokuja ni mengi. Swali lililorudiwa zaidi, hasa na vijana wa Geita, Katoro na Kahama, ni hili: "Shehe, msikiti ukishakuwa mzee na kuta zimechakaa, na tajiri amejitokeza, kwa nini usivunjwe ukajengwa mpya?"

Leo nitajibu kwa urefu. Naomba msome mpaka mwisho, kwa sababu jibu lina sehemu tatu: kuna elimu ya dini, kuna elimu ya fundi, na kuna habari ya fedha ambayo wengi wetu hatupendi iguswe.

HALI ILIVYOKUWA

Msikiti ninaousalisha hapa Shinyanga ni wa matofali ya kuchoma. Uislamu huku kwetu ulikuja zaidi kwa njia ya Tabora, kwa misafara ya biashara, kisha reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 watu wakazidi kuja na kukaa. Wazee waliojenga msikiti wetu hawakuwa matajiri. Walifinyanga matofali wenyewe, wakayachoma wenyewe, wakayapanga kwa udongo na chokaa. Juu ya madirisha wakaweka vipande vya udongo wa kuchomwa vyenye matundu, hewa ipite. Ukiingia saa saba mchana jua la Septemba likiwa kali, ndani pamepoa bila feni.

Miaka mingi kabla sijakabidhiwa uimamu, mkandarasi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliletwa kuupendezesha. Akaupiga lipu ya saruji nje na ndani, akaziba na yale matundu. Ukang'aa. Baada ya masika kadhaa lipu ikaanza kuvimba, ikatoa unga mweupe kama magadi, ikadondoka vipande vipande. Chini ya lipu matofali yenyewe yalikuwa yanamomonyoka, ukiyagusa yanabaki mkononi kama ugoro.

Akatokea kijana wetu, Allah amemfungulia riziki kwenye maduara ya Geita. Akaja kwa adabu kabisa, akakaa chini mbele ya wazee, akasema: "Wazee wangu, shehe wangu, mimi nimekulia hapa, nimesoma juzuu Amma hapa. Naomba mniruhusu niuvunje huu, niwajengee wa ghorofa, marumaru chini, viyoyozi juu. Ramadhani ijayo tuswali humo."

Jamaa wakagawanyika. Vijana wengi wakasema neema hairudishwi. Wazee wakasema hizi kuta zina majasho ya baba zetu. Yakatoka maneno mazito. Watu waliokuwa wakisimama bega kwa bega kwenye safu wakafika mahali mmoja anatoa salamu na mwenzake anaitika puani. Wengine wakaanza kusema wataondoka wakaanzishe msikiti wao mtaa wa pili.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhtuka. Ukuta ukipasuka utaletewa fundi. Safu ikipasuka utamleta nani? Katika Surat At-Tawba Allah ametutajia msikiti uliojengwa kwa nia ya kudhuru na kuwafarikisha waumini, na Mtume wake (S.A.W.) akakatazwa kusimama humo. Simwiti Muislamu yeyote mnafiki, hasha. Lakini aya ile inatufundisha kuwa jengo linaweza kuwa na kibla sahihi na nia mbovu.

DINI INASEMAJE?

Kwanza, tuweke wazi kuwa kujenga upya si haramu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulikuwa wa matofali mabichi ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, paa lake makuti. Sayyidna Umar (R.A.) akaupanua, akaujenga kwa vitu vilevile. Akaagiza watu wakingwe na mvua, akaonya dhidi ya rangi nyekundu na njano zisije zikawashughulisha watu katika swala. Kisha Sayyidna Uthman (R.A.) akaupanua zaidi, akatumia mawe ya kuchongwa, lipu ya jasi na mbao za msaji. Watu wakamsema, naye akawajibu kwa hadithi ya malipo ya mwenye kujenga msikiti kwa ajili ya Allah. Kwa hiyo wanazuoni wameruhusu kuvunja na kujenga upya panapokuwa na haja ya kweli: ukuta unaotishia kuangukia watu, au waumini kuzidi nafasi.

Pili, tuiangalie Al-Kaaba yenyewe. Makuraishi walipoijenga upya, Mtume (S.A.W.) akiwa bado hajapewa utume, waliwekeana sharti kwamba isiingie fedha ya uzinzi, wala ya riba, wala ya dhuluma. Fedha safi ikawapungukia, wakaacha sehemu nje ya ukuta, ndiyo ile tunayoiita Hijr. Tena hao ni watu wa jahiliya! Walikubali nyumba iwe fupi kuliko kuirefusha kwa haramu.

Baadaye Mtume (S.A.W.) alimwambia Bibi Aisha (R.A.) kwamba lau si watu wake kuwa karibu na ukafiri, angeibomoa Al-Kaaba na kuirudisha kwenye misingi ya Nabii Ibrahim (A.S.). Ona hekima hii. Jambo alilolitamani aliliacha ili nyoyo za watu zisivurugike. Zama za baadaye Abdullah bin Zubeir (R.A.) akaijenga kwa namna ile, Hajjaj akaja akairudisha ilivyokuwa. Khalifa mwingine akataka kuibadili tena, na inasimuliwa kuwa Imam Malik (R.A.) alimzuia asiifanye Nyumba ya Allah mchezo wa wafalme, kila mmoja akija anabomoa na kujenga. Mimi naongeza kuwa huku kwetu hakuna wafalme, lakini matajiri tunao.

NILIYOYAONA KILWA

Kabla ya kutoa neno nilifunga safari mpaka Kilwa Masoko, nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi msikiti wa kale unavyotibiwa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11 hadi ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani Al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, akaupanua sana kwa nguzo, matao na makuba. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wake. Upanuzi ule uliporomoka, ukajengwa tena karne ya 15. Mwaka 1505 Wareno wakaja na jeshi wakaupora mji.

Sasa sikilizeni nyinyi watu wa Geita, Nyarugusu na Bulyanhulu. Utajiri wa Kilwa ulitoka wapi? Ulitoka kwenye dhahabu! Ilichimbwa bara huko kusini, ikateremka Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Dhahabu yenyewe iko wapi leo? Imeyeyushwa, imevaliwa, imegombaniwa, hakuna anayejua iliko. Kilichobaki cha kuonekana ni kuta za mawe na chokaa za mahali pa kusujudu.

Nazo kuta zile nusura zipotee. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini mwaka 2004 ikayatia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mvua ilikuwa inaingia ndani ya kuta, mizizi inapasua mawe, bahari inakula ufukwe. Kazi ikafanyika miaka mingi, na mafundi wa palepale wakafundishwa kushiriki. Mwaka 2014 wakatolewa kwenye orodha ya hatari.

Nilichojifunza pale ni kwamba jengo la kale hutibiwa kwa chakula lilichokulia. Kilwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa ile hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo hadi yawe meupe na mepesi, kisha yanamwagiwa maji yanachemka na kuwa unga. Ukichanganya na mchanga na kupaka ukutani, chokaa inavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe. Subhanallah! Jiwe limeingia motoni, likawa unga, likarudi kuwa jiwe.

Nikamuuliza fundi mmoja, mzee wa makamo: "Baba, kwa nini hamtumii saruji ikaisha haraka?"

Akacheka. "Shehe, ukuta huu unapumua. Saruji utauziba pua."

Akanieleza taratibu. Ukuta wa zamani hauna zege chini la kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda, na chumvi inapanda nayo. Kama maungio ni ya chokaa, unyevu unatokea kwenye chokaa na kukauka, na chokaa ndiyo inayochakaa kidogokidogo. Baada ya miaka unaibandua na kuweka nyingine, jiwe liko salama. Ukipiga saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaganda ndani, na kinachovunjika ni jiwe au tofali lenyewe. Saruji pia ni ngumu kuliko ukuta wa kale. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa inakubali, saruji inapasuka na kupasua jirani yake.

Ndugu zangu, nilikuwa nasikiliza habari ya Kilwa lakini macho yangu yanaona msikiti wetu wa Shinyanga. Ule unga mweupe kumbe ni chumvi, na tofali lililogeuka ugoro lilikuwa limezibwa pua.

Kule Unguja pia kuna msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi kwenye kibla yanayoonesha mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ulijengwa upya karne ya 18, na kibla cha kale kikahifadhiwa ndani yake. Mpaka leo wanaswali humo. Kuuhifadhi msikiti si kuugeuza makumbusho. Msikiti hauishi kwa kutazamwa, unaishi kwa adhana.

KAZI ILIVYOFANYIKA

Niliporudi tukakaa, wazee na vijana pamoja. Nikawaeleza. Tukamwita fundi mwenye elimu ya majengo akapima kuta kwa timazi na kuchimba pembeni kuangalia msingi. Akasema kuta nne ziko imara. Nyufa za upande wa mashariki zinatokana na udongo wetu mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha unavimba na kiangazi unasinyaa. Maji ya paa yalikuwa yanamwagika palepale kwenye msingi.

Basi hatua ya kwanza ikawa maji. Tukaweka gata kwenye paa, tukachimba mfereji wa kuyapeleka mbali. Usipige lipu ukuta ambao maji yake hujayaelekeza, utakuwa unampaka poda mgonjwa wa homa.

Hatua ya pili, lipu ya saruji ikabanduliwa kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine hatukutumia, maana mtikisiko wake ungeng'oa na uso wa tofali. Tukauacha ukuta upumzike na kukauka kiangazi kizima. Vijana wakanung'unika kuwa msikiti unaonekana kama kidonda. Nikawaambia kidonda hakifungwi kikiwa na usaha.

Hatua ya tatu, matofali yaliyooza yakatolewa moja moja. Hatukuchoma mapya. Nyie wa Shinyanga mnajua tulivyomaliza miti mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha ngitili. Tukapata matofali ya nyumba kuukuu iliyovunjwa na wenyewe, ukubwa unakaribiana. Fundi akayachagua kwa sikio. Unagonganisha mawili, lililoiva linalia kama kengele, lisiloiva linatoa sauti ya kufa, hilo weka kando.

Hapo nikaikumbuka Surat Ar-Rahman, pale Allah anapotukumbusha kuwa alimuumba mwanadamu kwa udongo mkavu wenye kutoa sauti, mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Sisi nasi tutagongwa. Mwenye kuiva atajulikana kwa sauti yake siku ya msiba na siku ya utajiri.

Na tofali la kuchoma limetajwa pia ndani ya Qur'ani, katika Surat Al-Qasas: Firauni alimwamuru Hamana amuwashie moto juu ya udongo na amjengee mnara, apande amwone Mola wa Musa. Udongo ni uleule na moto ni uleule. Mmoja anajenga mnara wa kiburi, mwingine anajenga mahali pa kuweka paji la uso chini. Kilichotofautiana ni nia.

Hatua ya nne, maungio yakajazwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa tuliilowesha kwenye mapipa wiki kadhaa kabla ya kuitumia, na mafundi wakavaa miwani na glavu, kwa sababu chokaa inaunguza macho na ngozi. Yale matundu ya hewa yaliyovunjika tukampelekea mama mmoja mfinyanzi wa kijiji cha jirani, anayefinyanga vyungu. Akavitazama vipande vya zamani, akavigeuza, akasema, "Hivi navifanya, shehe, nipeni siku za kukausha tu." Akavileta vimepungua kidogo ukubwa kwa moto, akarudia bila kuongeza bei. Alipovipokelea malipo akasema "Wabeja", akaondoka. Allah amlipe kheri.

SASA FEDHA

Mnaniuliza yule kijana je? Hakukataliwa. Nilimwita nyumbani peke yake, kwa sababu nasaha ya hadharani ni fedheha. Nikamwambia: "Mwanangu, nakuuliza mambo matatu, nawe humjibu shehe, unamjibu Mola wako."

La kwanza, wale wanaoshuka kwenye duara lako, mgao wao wa viroba unaupata mkono wao kama mlivyopatana, au mzigo ukiwa mzuri hesabu inabadilika?

La pili, zebaki na maji ya mwaloni unayamwaga wapi? Kuna watu wanachota maji chini yako. Huwezi kujenga birika la udhu mjini na kutia sumu kisima cha kijijini.

La tatu, umetoa zaka? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, dhahabu ya mgodini ikifikia nisabu, takriban gramu 85 za dhahabu safi, inatolewa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5, ikishasafishwa, wala husubiri mwaka upite. Zaka hiyo, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, haijengi msikiti. Ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba. Msikiti hujengwa kwa sadaka na wakfu.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Shehe, la pili na la tatu nitayarekebisha. La kwanza nina watu wawili nawadai... hapana, wao wananidai."

Wallahi, sentensi ile ilinifurahisha kuliko ghorofa. Akawatafuta akawalipa. Kisha akaleta sadaka iliyotosha chokaa, gata na ujira wa mafundi, na kwa kilichobaki tukaongeza baraza la pembeni kwa ajili ya kina mama na madrasa, maana nafasi kweli ilikuwa inatubana. Baraza ni la kisasa, limejengwa kwa msingi wake lenyewe, halikuegemezwa kwenye ukuta wa zamani. Vijana wakapata kipya chao, wazee wakabaki na chao, na safu imekuwa moja.

YA KUZINGATIA

Ndugu zangu mnaosimamia misikiti ya zamani, iwe ya mawe pwani au ya matofali huku kanda ya ziwa:

1. Msikiti wa wakfu ni amana. Kamati ni walinzi wake, si wamiliki. Msivunje kwa aibu ya uzee wake.

2. Kabla ya uamuzi pimeni. Ukuta unaotishia maisha ya watu usitetewe kwa mapenzi tu, roho ya muumini ni nzito kuliko tofali.

3. Elekezeni maji kwanza. Paa, gata na mfereji ni nafuu kuliko lipu ya kila miaka mitatu.

4. Ukuta wa chokaa na udongo msiuzibe kwa saruji. Tafuteni fundi anayejua chokaa, na mtieni kijana mmoja pembeni yake ajifunze, kwa sababu fundi akifa na elimu yake tutabaki na mwiko bila mkono.

5. Mtoaji mheshimuni, lakini mnasihini. Ukipokea fedha ya mtu bila kumuuliza habari ya waja anaowadhulumu, umeipenda fedha yake kuliko akhera yake.

6. Umoja wa waumini ni sehemu ya jengo. Jengo likisimama na nyoyo zikavunjika, mmebomoa.

Katika Surat At-Tawba, aya ya 18, Allah amewataja wanaoamirisha misikiti yake, na sifa alizozitaja ni imani, swala, zaka na kumuogopa Yeye. Marumaru hayamo katika orodha hiyo. Uzuri si dhambi, lakini hauchukui nafasi ya hizo nne.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, waliofinyanga na kuchoma na kubeba matofali kichwani ili sisi tupate pa kusujudu. Wabariki wachimbaji wetu, walinde chini ya ardhi, wape riziki ya halali na uwaepushe na dhuluma. Ziunge nyoyo zetu kama ulivyoziunga kuta zetu. Amin.

Msambazie mwenzako, hasa aliye kwenye kamati ya msikiti. Wiki ijayo, inshallah, tutaingia kwa kina katika zaka ya madini, maana naona maswali ni mengi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.